Kazi ya Shuruti: Kulinganisha Sheria za Nchi na Viwango vya Kimataifa

Utangulizi

Watahiniwa wengi wakiulizwa kuhusu kazi ya shuruti hueleza utumwa, minyororo na misafara ya pembe za ndovu. Majibu hayo si uongo, lakini yanaacha sehemu kubwa ya mada. Kazi ya shuruti ipo hata leo, na mara nyingi haina minyororo. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 27.6 duniani walikuwa katika kazi ya shuruti. Kati yao, milioni 3.9 walilazimishwa na dola zenyewe. Waliobaki walilazimishwa na watu binafsi: waajiri, mawakala na wenye nyumba.

Swali linalosumbua zaidi katika mada hii ni hili: nchi ikisharidhia mkataba wa kimataifa wa kupinga kazi ya shuruti, sheria zake za ndani hubadilikaje ili zifanane na mkataba huo? Ukisoma mada hii uweze:

(a) kueleza maana ya kazi ya shuruti na mambo yasiyohesabiwa kuwa kazi ya shuruti;
(b) kutaja mikataba mikuu ya kimataifa na kinachotakiwa na kila mmoja;
(c) kueleza hatua za kulinganisha sheria za nchi na mikataba hiyo;
(d) kutathmini hali ya Tanzania kwa kutoa mifano.

1. Maana ya kazi ya shuruti

Kwa mujibu wa Mkataba Na. 29 wa mwaka 1930, kazi ya shuruti ni kazi au huduma yoyote ambayo mtu anadaiwa kuifanya kwa kutishiwa adhabu, na ambayo hakujitolea kuifanya kwa hiari yake. Tafsiri hii ina nguzo mbili, na zote lazima ziwepo.

Nguzo ya kwanza ni tishio la adhabu. Adhabu si lazima iwe kifungo au kiboko. Kunyimwa mshahara uliokwisha kufanyiwa kazi, kunyang'anywa pasipoti, kutishiwa kuripotiwa polisi au kunyimwa haki fulani ni adhabu pia.

Nguzo ya pili ni kukosa hiari. Mtu aliyekubali kazi baada ya kudanganywa hakukubali kwa hiari. Vilevile, aliyekubali mwanzoni kisha akazuiwa kuondoka amepoteza hiari yake kuanzia siku aliyozuiwa.

Zingatia: kazi ngumu au yenye mshahara mdogo si lazima iwe kazi ya shuruti. Kibarua anayelipwa kidogo lakini anaweza kuacha kazi kesho bila kuadhibiwa ananyonywa, ila hajalazimishwa. Tofauti hii hupoteza alama za watahiniwa wengi.

2. Mambo matano yasiyohesabiwa

Mkataba Na. 29 unataja mambo matano yasiyohesabiwa kuwa kazi ya shuruti. Kila moja lina mpaka wake, na mpaka huo ndio wa kukaririwa.

(i) Utumishi wa lazima jeshini, iwapo kazi ni ya kijeshi tu. Askari wa lazima akipelekwa kuvuna shamba la biashara, mpaka umevukwa.

(ii) Wajibu wa kawaida wa raia, kama vile kumsaidia mtu aliye hatarini.

(iii) Kazi ya mfungwa aliyehukumiwa na mahakama, iwapo inasimamiwa na mamlaka ya umma, na mfungwa hakukodishwa kwa mtu binafsi au kampuni.

(iv) Kazi wakati wa dharura, kama vile vita, mafuriko, moto, njaa au magonjwa ya mlipuko. Dharura ikiisha, ruhusa nayo inaisha.

(v) Kazi ndogo ndogo za kijamii, zinazofanywa na wanajamii kwa faida yao ya moja kwa moja, iwapo wao au wawakilishi wao wana haki ya kushauriwa kama kazi hiyo inahitajika.

Jambo la tano linatuhusu sana. Kijijini, watu huitwa kwenye msaragambo kusafisha kisima, kufyeka njia au kuchimba msingi wa darasa. Je, msaragambo ni kazi ya shuruti? Jibu linategemea mambo matatu: ukubwa wa kazi, nani anafaidika, na kama wanakijiji walishirikishwa kuamua. Mkutano wa kijiji ukikubaliana kusafisha kisima siku ya Jumamosi, hapo mpaka haujavukwa. Kiongozi akitoa amri peke yake, kazi ikachukua majuma mengi, na asiyefika akapelekwa mahabusu, hiyo si kazi ndogo ya kijamii tena.

3. Kazi ya shuruti katika historia ya Tanganyika

Tawala zote mbili za kikoloni zilitumia kazi ya shuruti, kila moja kwa njia zake.

Wakati wa Wajerumani, serikali ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika maeneo ya kusini. Watu walilazimishwa kuyalima chini ya usimamizi wa maakida na majumbe, na malipo hayakuwa ya maana. Mashamba yao ya chakula yalibaki bila mtu. Mwezi Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba hiyo, na vita vya Majimaji vikaanza. Vita hivyo viliendelea hadi mwaka 1907. Kwa hiyo kazi ya shuruti ni miongoni mwa sababu kuu za vita hivyo.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, maelfu ya Waafrika walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam linatokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza.

Baada ya vita, Tanganyika ilikabidhiwa Uingereza chini ya Shirikisho la Mataifa. Masharti ya udhamini yalikataza kazi ya shuruti isipokuwa kwa kazi muhimu za umma, na kwa malipo ya haki. Hata hivyo, kodi iliwasukuma watu kwenda kufanya kazi. Asiye na fedha za kodi aliweza kutakiwa kuilipa kwa kufanya kazi za serikali. Wengine walisafiri mbali kwenda mashamba ya mkonge, ambako waliitwa manamba.

Uingereza iliridhia Mkataba Na. 29 mwaka 1931. Lakini wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu wa Tanganyika walikusanywa kwa amri ya serikali na kupelekwa kwenye mashamba ya mkonge na mpira yaliyokuwa mali ya watu binafsi. Hoja iliyotolewa ilikuwa dharura ya vita. Hapa kuna funzo la kukumbuka: kuridhia mkataba hakutoshi iwapo sheria na amri za ndani zinaacha mlango wazi.

4. Viwango vya kimataifa

Mkataba Na. 29 wa mwaka 1930. Ulipitishwa Geneva na kuanza kutumika mwaka 1932. Unazitaka nchi zikomeshe kazi ya shuruti ya kila aina. Ibara ya 25 inadai kuwa kumlazimisha mtu kazi kinyume cha sheria kuwe kosa la jinai, na adhabu zake ziwe za kutosha na zitekelezwe kikamilifu. Udhaifu wake ulikuwa kwamba ulitoa kipindi cha mpito ambamo kazi ya shuruti kwa shughuli za umma iliweza kuendelea kwa masharti. Tusisahau kuwa wakati huo wenye makoloni walikuwa na sauti kubwa.

Mkataba Na. 105 wa mwaka 1957. Huu unahusu hasa dola. Unapiga marufuku kazi ya shuruti kwa malengo matano:

(a) kumwadhibu au kumfunza mtu kwa sababu ya maoni yake ya kisiasa;
(b) kukusanya nguvu kazi kwa ajili ya maendeleo ya uchumi;
(c) kutia nidhamu kazini;
(d) kuwaadhibu walioshiriki mgomo;
(e) kubagua kwa misingi ya rangi, hali ya kijamii, taifa au dini.

Itifaki ya mwaka 2014. Itifaki hii inaongezea nguvu Mkataba Na. 29. Ilifuta masharti ya kipindi cha mpito, na inazitaka nchi zifanye mambo matatu: kuzuia kazi ya shuruti, kuwalinda waathirika, na kuwapatia haki zao, ikiwemo fidia. Niger ilikuwa nchi ya kwanza kuiridhia, mwaka 2015. Itifaki ilianza kutumika Novemba 2016.

Zaidi ya hayo, Azimio la ILO la mwaka 1998 kuhusu haki za msingi kazini linasema kuwa kila mwanachama wa shirika hilo ana wajibu wa kuheshimu kanuni ya kukomesha kazi ya shuruti, hata kama hajaridhia mikataba yenyewe.

5. Hatua za kulinganisha sheria

Hatua ya kwanza: kuridhia. Katika Tanzania, ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge mamlaka ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo masharti yake yanahitaji kuridhiwa.

Hatua ya pili: kupitia sheria zilizopo. Wataalamu hupekua sheria zote, siyo sheria ya kazi peke yake. Kazi ya shuruti inaweza kujificha katika sheria ya magereza, sheria ya serikali za mitaa, sheria ya uzururaji, sheria ya magazeti, hata katika sheria ndogo za halmashauri.

Hatua ya tatu: kufuta, kurekebisha au kutunga. Kifungu kinachopingana na mkataba hufutwa au huandikwa upya. Pasipo na katazo, katazo hutungwa pamoja na adhabu yake. Katika Tanzania hatua hii ni ya lazima, kwa sababu mkataba ulioridhiwa hauwi sheria ya nchi hadi utungiwe sheria. Kenya ni tofauti: ibara ya 2(6) ya Katiba yake ya mwaka 2010 inasema kuwa mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria za nchi.

Hatua ya nne: kutekeleza. Maofisa kazi hukagua, polisi hupeleleza, waendesha mashtaka hufungua kesi, mahakama huamua.

Hatua ya tano: kutoa taarifa. Nchi hupeleka taarifa ILO mara kwa mara. Kamati ya Wataalamu, iliyoanzishwa mwaka 1926, huzisoma na kuonyesha vifungu visivyolingana na mikataba. Kamati haina polisi wala gereza. Nguvu yake ni kurudia hoja ile ile mwaka hadi mwaka mpaka serikali ijibu.

6. Tanzania: yaliyolingana na yaliyobaki

Tanganyika iliridhia Mikataba Na. 29 na Na. 105 mwaka 1962, mara tu baada ya Uhuru. Kuilinganisha sheria kulichukua muda mrefu zaidi.

Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi. Nchi ilikuwa katika hali mbaya ya uchumi, na serikali ilitaka kila mwenye uwezo afanye kazi ya uzalishaji. Watu waliohesabiwa kuwa wazururaji mijini walikamatwa na kupelekwa vijijini. Kwa mtazamo wa serikali, hiyo ilikuwa njia ya kujenga uchumi. Kwa mtazamo wa Mkataba Na. 105, kukusanya nguvu kazi kwa lazima kwa ajili ya uchumi ndiko hasa kulikokatazwa. Kamati ya Wataalamu iliitaja sheria hiyo katika hoja zake kwa miaka mingi.

Sasa tuangalie Katiba. Ibara ya 25(2) inakataza kazi ya shuruti katika Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 25(3) inataja kazi zisizohesabiwa kuwa za shuruti. Nyingi zinalingana na Mkataba Na. 29: hukumu ya mahakama, kazi za majeshi, na dharura. Lakini aya ya (d) inakwenda mbali zaidi. Inaingiza ujenzi wa taifa wa lazima kwa mujibu wa sheria, pamoja na juhudi za taifa za kutumia uwezo wa kila mtu kufanya kazi ili kuimarisha uchumi. Hapo ndipo penye pengo. Weka aya hiyo kando ya lengo (b) la Mkataba Na. 105, na utaona kuwa Katiba inaruhusu kile ambacho mkataba unakikataza.

Hatua kubwa ya kulinganisha ilikuja na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 6 kinasema kuwa kumtafutia, kumdai au kumtwisha mtu kazi ya shuruti ni kosa. Mambo yasiyohesabiwa yaliyotajwa humo yanafuata yale matano ya Mkataba Na. 29, pamoja na mipaka yake: mfungwa asikodishwe kwa mtu binafsi, na wanajamii washauriwe kabla ya kazi za kijamii. Kama ilivyotungwa, sheria iliweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo cha mwaka 1, au vyote viwili. Sheria hii inatumika Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria ya Ajira yake ya mwaka 2005, kwa kuwa masuala ya kazi si ya Muungano.

Sheria nyingine zilizosaidia ni ile ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ya mwaka 2008, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.

Ukiulizwa kutathmini, pima pande zote mbili. Upande wa mafanikio: katazo lipo katika Katiba na katika sheria ya kazi, kosa limetamkwa, na adhabu imetajwa. Upande wa upungufu: Katiba ina mwanya mpana kuliko mikataba, na adhabu ya faini inaweza kuwa nyepesi kwa tajiri aliyefaidika na jasho la watu kwa miaka.

7. Mifano kutoka nchi nyingine

Kenya. Sheria ya Mamlaka ya Machifu, iliyoachwa na wakoloni, ilimruhusu chifu kuwaamuru wanaume wenye nguvu, wa umri wa miaka 18 hadi 45, kufanya kazi za kuhifadhi maliasili kwa hadi siku 60 kwa mwaka. Kenya iliridhia mikataba yote miwili mwaka 1964, lakini vifungu hivyo vilibaki. Viliondolewa mwaka 1997, wakati wa mageuzi ya kisiasa yaliyotangulia uchaguzi mkuu. Baadaye, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ilikataza kazi ya shuruti, na ibara ya 30 ya Katiba ya mwaka 2010 ikaweka katazo lisilo na orodha ndefu ya misamaha.

Myanmar. Sheria za vijiji na miji za mwaka 1907 ziliruhusu maofisa kuwalazimisha wakazi kufanya kazi. Jeshi lilizitumia kupata wapagazi na wajenzi wa barabara. Tume ya Uchunguzi ya ILO ilitoa taarifa yake mwaka 1998 na kutaka sheria zirekebishwe. Mwaka 2000, kwa mara ya kwanza katika historia yake, ILO ilitumia ibara ya 33 ya katiba yake kuchukua hatua dhidi ya mwanachama. Sheria hizo za kale zilifutwa mwaka 2012.

Mifano hii miwili inaonyesha kuwa sheria nyingi za kazi ya shuruti ni urithi wa ukoloni, na kwamba hazifutiki zenyewe. Huondoka kwa msukumo wa ndani, wa nje, au wa pande zote mbili.

8. Kwa nini sheria nzuri haitoshi

Chukua mfano wa msichana wa miaka 16 aliyechukuliwa kijijini kwenda mjini kufanya kazi za ndani. Ameahidiwa mshahara na kurudi shule. Baada ya miezi minane hajalipwa, simu yake imechukuliwa, na ameambiwa akiondoka atadaiwa nauli na chakula. Kifungu cha 6 kinamlinda kikamilifu. Lakini ofisa kazi hakagui majumba ya watu, jirani anadhani ni mambo ya familia, na msichana mwenyewe hajui kuwa anachofanyiwa ni kosa la jinai.

Changamoto kuu za utekelezaji ni hizi:

(i) uchache wa wakaguzi wa kazi, hasa nje ya miji mikubwa;
(ii) kazi kufanyika mahali palipofichika, kama vile majumbani, mashambani, kwenye machimbo na kwenye boti za uvuvi;
(iii) umaskini, unaomfanya mwathirika aogope kupoteza hata kidogo anachopata;
(iv) waathirika kuvuka mipaka. Mfanyakazi wa ndani aliyepelekwa nchi za Ghuba akanyang'anywa pasipoti yuko nje ya mamlaka ya mahakama za kwao;
(v) ukosefu wa elimu ya sheria kwa wananchi na kwa baadhi ya viongozi wa mitaa na vijiji.

Makosa yanayojirudia katika majibu

• Kuchanganya kutia saini na kuridhia. Kuridhia ndiko kunakoifunga nchi.
• Kusema kuwa kazi zote za wafungwa ni kazi ya shuruti. Taja masharti.
• Kuchanganya Mkataba Na. 29 na Na. 105. Wa kwanza unatoa tafsiri na misamaha. Wa pili unataja malengo matano yaliyokatazwa.
• Kudai kuwa msaragambo wote ni halali, au wote ni haramu. Jibu liko kwenye ukubwa wa kazi, faida na ushirikishwaji.

Maswali ya kujipima

1. Eleza nguzo mbili za tafsiri ya kazi ya shuruti. Toa mfano mmoja kwa kila nguzo.
2. Mwenyekiti wa kijiji anawaamuru vijana kubeba matofali ya nyumba yake kwa siku tatu. Asiyefika atatozwa faini. Je, hiyo ni kazi ndogo ya kijamii? Fafanua.
3. "Tanzania imekwisha kulinganisha sheria zake na viwango vya kimataifa vya kazi ya shuruti." Jadili.

Dondoo za majibu

Swali la 1: tishio la adhabu (mfano, kunyimwa mshahara), kukosa hiari (mfano, kudanganywa aina ya kazi au kuzuiwa kuondoka).

Swali la 2: hapana. Faida ni ya mtu mmoja, si ya jamii. Wanakijiji hawakushauriwa. Kuna tishio la adhabu na hakuna hiari, hivyo ni kazi ya shuruti, na ni kosa chini ya kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini.

Swali la 3: anza na tafsiri. Eleza yaliyolingana: kuridhia mwaka 1962, ibara ya 25(2), kifungu cha 6. Eleza yaliyobaki: ibara ya 25(3)(d) ikilinganishwa na lengo (b) la Mkataba Na. 105, uzito wa adhabu, na utekelezaji. Hitimisha kwa kutoa msimamo wako: sheria zimelingana kwa sehemu kubwa, ila si kikamilifu. Mtahiniwa anayeorodhesha hoja bila kutoa msimamo hajajadili, ameorodhesha tu.